Kisima Kisicho na Fundi

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili husemwa sana katika vijiji vyetu mnamo miezi ya Juni na Julai, shule za Ulaya na Marekani zinapofungwa, na vijana wa huko wanapotujia kwa makundi, wamevaa fulana za rangi moja, ili watuchimbie visima. Huimbiwa, hupikiwa wali na kuku, mchungaji huwaombea safari njema, na mwenyekiti wa kijiji hutoa hotuba ya shukrani. Baada ya majuma mawili au matatu huenda zao. Hatuna neno juu ya wali wala juu ya nyimbo. Mgeni ni mgeni, naye apewe haki yake. Ila twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali ambalo limo ndani ya mithali yenyewe, nalo ni hili: Je, mwenyeji amepona?

Sisi twaona kwamba mara nyingi hajapona. Tena twathubutu kusema neno ambalo wengine hawatalipenda: kisima kiletwacho na wageni pasipo fundi wa kukitengeneza, pasipo mahali pa kununua vipuri, na pasipo maji yake kupimwa, yafaa kijiji kikikatae. Kikikatae kwa adabu na kwa maneno ya upole, lakini kikikatae.

Mwaka 2009 wajuzi wa maji ya vijijini walikusanya hesabu za nchi zipatazo 20 za Afrika kusini mwa Sahara, wakaona kwamba katika kila pampu 100 za mkono, 36 hivi zilikuwa hazitoi maji. Haya si maneno ya wachongezi. Ni hesabu ya watu wa kazi hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba kama wilaya ina pampu mia, vijiji thelathini na zaidi vina chuma kilichosimama uwanjani, mbuzi wakijikuna kwacho, na mwanamke mwenye ndoo hukipita kila asubuhi akienda bwawani. Kibao cha wafadhili chabaki hapo, kimeandikwa kwa rangi nzuri jina la mji wa mbali na mwaka. Kisima cha Yakobo, alipoketi Bwana wetu karibu na Sikari, kilikuwa kimekwisha kudumu vizazi vingi siku ile yule mwanamke alipokuja kuteka. Ni nani waliokisafisha miaka yote hiyo, na ni nani waliobadilisha kamba zake? Maandiko hayawataji. Twadhani kwamba kama wangekuwa wameweka kibao tu, Bwana asingalikuta maji.

Basi tueleze kwa nini pampu hufa, maana wengi hudhani ni bahati mbaya au husuda ya majirani. Pampu ya mkono si kitu cha ajabu. Ndani ya bomba mna fimbo za chuma zilizoungwa moja kwa moja mpaka chini majini, na mwisho wa fimbo mna pistoni yenye mpira au ngozi, ambayo hubana maji yasirudi chini. Mpira huo husuguana na silinda kila mpini unaposhushwa, mara elfu nyingi kwa siku, nao hulika. Beringi za mpini nazo hulegea. Mahali penye maji makali, mabomba ya chuma hushikwa na kutu, maji yakatoka mekundu yenye ladha ya chuma, nguo zikatiwa madoa, na akina mama wakarudi bwawani hata kabla pampu haijavunjika. Katika haya yote hakuna lililo kubwa. Kipande kile cha mpira bei yake haifiki bei ya jogoo. Lakini sharti awepo mtu ajuaye kufungua pampu, mwenye spana mkononi, ajuaye duka liuzalo kipande hicho, na mwenye fedha ya kukinunua wiki ile ile. Asipokuwapo, mpira ulioliwa hulegeza fimbo, fimbo hukatika, bomba hutumbukia kisimani, na kazi ambayo fundi angeimaliza asubuhi moja huwa kazi ya mashine na ya mamilioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi tumejengewa kuta nyingi.

Jambo hili si la Afrika peke yake. India walilipata kabla yetu, na namna walivyolitatua yafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu mkono wa wamisionari ulikuwamo, tena kwa sababu huonyesha ni mgeni wa namna gani afaaye.

Katika miaka ya 1960 ukame uliishika India. Zikaletwa mashine za kutoboa miamba, visima virefu vikachimbwa kwa maelfu, na juu ya kila kisima ikawekwa pampu ya chuma iliyoigwa pampu za mashamba ya Ulaya na Marekani. Pampu zile zilikuwa nzuri kwa wenyewe waliozibuni: mkulima mmoja, mkewe, watoto wao, na ng'ombe wachache. Huko India pampu moja ilishikwa na mamia ya watu tangu alfajiri hata usiku. Zikavunjika. Walipochunguza, katikati ya miaka ya 1970, waliona kwamba karibu robo tatu ya pampu walizozitazama zilikuwa hazifanyi kazi. Fikirini, wasomaji: fedha zilikuwako, mashine zilikuwako, nia njema ilikuwako, na maji yalikuwa chini ya miguu ya watu, nao wana kiu.

Sasa, katika nchi ya Maharashtra walikuwako wamisionari waliokuwa wakichimba visima vijijini, nao hawakuwa watu wa majuma matatu. Walikuwa wenyeji wa pale. Pampu zilipokufa, walikuwapo kuziona na kuulizwa habari zake. Wakaanza kutafuta pampu nyingine pamoja na mafundi wa pale pale. Katika mji wa Sholapur fundi mmoja Mhindi, aliyejifundisha ufundi mwenyewe, akafanya pampu ya chuma cha pua, yenye kiungo kimoja tu, na mnyororo wa kuivuta fimbo, badala ya viungo vingi vya zamani vilivyokuwa vikilegea. Pampu hiyo ikadumu kuliko zote. Serikali ya India na UNICEF wakaichukua kuwa mfano, wakaweka masharti: iundwe India yenyewe, iwe ya bei nafuu, na iwe rahisi kutunzwa. Hiyo ndiyo pampu iitwayo India Mark II, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa zimekwisha kuundwa zipatazo milioni tano. Huko Uganda huitwa U2. Wako wasomaji wetu waishikao kila asubuhi pasipo kujua kwamba asili yake ni akili ya fundi wa Sholapur aliyejifundisha mwenyewe.

Mtu asiseme, India ni mbali. Huko Kwale, pwani ya Kenya, mwaka 1983 ulianzishwa mradi wa kujaribu pampu za mkono. Pampu iitwayo Afridev, iliyoanza kubuniwa Malawi, ilijaribiwa na kurekebishwa huko, hata mipira yake ikaweza kubadilishwa kwa spana moja, pasipo kung'oa bomba zima. Na waliofundishwa kuitengeneza ni wanawake wa vijiji vile, wale wale waliokuwa wakibeba ndoo. Tulisoma habari hii tukafurahi, kisha tukajiuliza ni kamati ngapi za maji za kwetu ambazo mwanamke ameandikwa katika orodha ili kuipendeza serikali, na siku ya kikao hupewa kazi ya kupika chai.

Kinyume cha hayo ni habari ya bembea ya maji, iitwayo PlayPump, iliyotoka Afrika Kusini. Ni bembea ya kuzunguka kama ile ya watoto wa mjini. Watoto wangecheza, na kuzunguka kwake kungepandisha maji mpaka kwenye tangi lililo juu ya mnara. Watu wa ng'ambo walifurahi mno kuiona katika picha, maana ina watoto wanaocheka na maji yanayotiririka, na mchango huja upesi kwa picha ya namna hiyo. Mwaka 2006 huko Marekani ziliahidiwa dola zaidi ya milioni 16, ikatangazwa kwamba bembea 4,000 zitawekwa katika nchi kumi za Afrika kufikia mwaka 2010. Kila moja iligharimu dola kama 14,000, mara kadhaa ya bei ya pampu ya mkono. Gazeti moja la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009, likaona kwamba ili kutimiza maji yaliyoahidiwa ingewapasa watoto kucheza saa 27 kila siku. Mungu alipoiumba siku hakuipa saa hizo. Watoto walipochoka, au walipokuwa darasani, mama zao na bibi zao ndio waliozungusha bembea, wakiona haya mbele ya watu. Na ilipoharibika, fundi wa kijiji hakuwa na la kufanya. Kufikia mwaka 2010 mpango ule ulikuwa umesimama. Wale akina bibi wangaliulizwa mapema, wangalijibu kwa neno moja, na dola nyingi zingalipona.

Na pampu ikiwa nzima, bado liko jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Maji maangavu si lazima yawe maji mema. Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1970, visima vya bomba vilichimbwa kwa mamilioni ili watu waache maji ya mabwawa yaliyoua watoto kwa kuhara. Kazi ile ilikuwa na baraka yake, hatukatai. Lakini visima havikupimwa arseniki, sumu itokayo ardhini yenyewe, isiyo na rangi wala harufu wala ladha. Mwaka 1993 ikagunduliwa. Watu walikuwa wamekunywa miaka mingi. Wengine wakatokwa na madoa na sugu katika ngozi, wengine wakapata kansa. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala ya wajuzi waliosema kwamba haijapata kutokea duniani watu wengi kiasi hicho kutiwa sumu pamoja. Na kila mmoja wa waliochimba alidhani anatenda mema.

Kwetu, katika nchi za Bonde la Ufa, adui ni floridi. Ndugu zetu wa pande za Arusha na Meru hawahitaji kuelezwa. Meno ya watoto wao yenye rangi ya kahawia yajieleza, na wako wazee ambao mifupa yao imepinda. Kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja ya maji, nazo ziko chemchemi zing'aazo kama kioo ambazo hupita kikomo hicho mara nyingi. Kijana aliyeshuka katika ndege juma lililopita atajuaje kwa kutazama? Mzee wa kijiji naye atajuaje? Sharti maji yapelekwe maabara, na jibu lake liandikwe katika karatasi, na karatasi isomwe mbele ya watu. Mgeni akisema hana siku za kungoja jibu, basi hana siku za kuchimba.

Hapo twafika kwa wageni wenyewe. Hatuwadharau. Wengi wao ni vijana wa moyo safi, wameuza keki na kuosha magari kwao ili wapate nauli. Lakini moyo safi haukunji bomba wala hautoi fimbo iliyokatika kisimani. Tukumbuke kwamba walipata kuja wageni wa namna nyingine. Kikosi cha Amani cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea watu wake, na wale wa kwanza walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba. Walifundishwa Kiswahili, wakaletwa kwa kazi ya miaka miwili. Mtu wa namna hiyo aliweza kugombana na msimamizi wake, akaugua malaria, akatukanwa sokoni, akajua jina la mbwa wa jirani, na kazi yake ikavunjika mbele ya macho yake akaitengeneza tena. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wetu wa siku hizi huja na jembe lao siku ya kwanza, na siku ya tatu, kama kusema, wamekwisha kuaga.

Mwaka 2014 binti mmoja wa Marekani aliandika habari ya safari aliyoifanya hapa Tanzania alipokuwa mwanafunzi. Yeye na wenzake walikuja kujenga maktaba katika nyumba ya yatima, nao hawakujua kupanga matofali. Kila usiku, wageni walipolala, wenyeji walibomoa kuta zile mbovu wakazijenga upya, ili asubuhi wageni wasijue. Twamsifu binti yule kwa kulisema wazi. Lakini sisi na tuwaulize wale mafundi wetu wa usiku: Ndugu, mbona hamkusema mchana? Ni adabu gani hii, ya kumficha mgeni upumbavu wa kazi yake, hata akaenda kuwaleta na wenzake mwaka wa pili? Nauli ya mmoja wao tu, ya kuja na kurudi, yaweza kumlipa fundi mzuri wa wilaya miezi kadhaa.

Kwa hiyo lawama kubwa hatuipeleki ng'ambo. Yakaa hapa, katika mabaraza yetu na katika vikao vya wazee wa kanisa. Mwaka 1971 serikali yetu iliahidi kwamba kufikia mwaka 1991 kila mtu wa kijijini atapata maji safi umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani kwake, tena bure. Nchi za Ulaya zikagawana mikoa: Wafini wakaenda Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na Morogoro, Waswidi mikoa ya Ziwa Victoria, Wadenishi Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kazi nyingi nzuri zilifanyika. Lakini watu tulijifunza somo moja ambalo hatujalisahau mpaka leo, kwamba maji ni kitu kiletwacho. Pampu ikiharibika, ni pampu ya Wadenishi. Na waje Wadenishi. Mwaka 1991 ulifika, ahadi haikutimia, na siasa ya maji ya mwaka ule ule ikaanza kusema kwamba wananchi sharti wachangie. Neno la bure lilikuwa limekwisha kuingia mifupani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na huyu ndugu tuliyemtegemea hata si wa baba mmoja nasi.

Wala hatuwezi kusema kwamba babu zetu hawakujua kutunza maji. Watazameni Wachagga na mifongo yao, mifereji iliyochimbwa kandokando ya makorongo ya Kilimanjaro tangu kabla ya mmisionari wa kwanza kufika, ikileta maji mpaka migombani. Hapakuwa na kibao cha mfadhili. Kila mfongo ulikuwa na watu wake, na siku ya kuusafisha watu walitoka. Asiyetoka alitozwa, na asiyetaka kutozwa alinyimwa maji. Malawi nako, mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Chingale na kisha Chambe chini ya mlima Mulanje, wanakijiji walichimba wenyewe mitaro ya mabomba yaliyoleta maji kutoka mlimani, mhandisi akiwaonyesha njia. Na Isaka, aliporudi katika bonde la Gerari, alivikuta visima vya baba yake vimefukiwa na Wafilisti. Akavichimbua, akaviita majina yale yale aliyoyaita baba yake. Kisha wachungaji wa Gerari wakamgombania kimoja, akachimba kingine. Wakamgombania na hicho, akachimba cha tatu. Sisi tuna visima vilivyofukiwa na uvivu wetu wenyewe, pasipo Mfilisti hata mmoja.

Tumeona usharika ukikusanya fedha za kutosha kununua mbuzi wawili na soda za kuwakaribisha wageni, na usharika huo huo, pampu ilipotaka mpira, ukaandika barua Ulaya. Barua ile ikakaa miezi mitano bila jibu. Tumeona pia mfuko wa maji uliowekwa mfukoni mwa mtu mmoja, pasipo kitabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na fedha ya maji ikiisha hivyo, hata wale waliokuwa wakilipa kwa moyo huacha kulipa, nao hawakosei.

Twajua jibu tutakalopewa. Mama mmoja atasimama aseme: Ninyi walimu mna kalamu, mimi nina mtoto anayehara. Mkimfukuza mgeni leo, atakwenda kijiji cha pili, na mwanangu atakunywa maji ya bwawa. Je, nimwambie mwanangu angoje mpaka fundi afundishwe?

Jibu hili ni la haki, wala hatulipiti kwa haraka. Hatumwambii mama huyo angoje. Maji ya leo na ayachemshe. Na kama kuni ni haba, ayatie katika chupa nyeupe za plastiki, yakiwa hayana tope, aziweke juani tangu asubuhi hata jioni, maana jua huua vijidudu vingi vya kuhara, ingawa haliondoi floridi wala arseniki. Chemchemi iliyo karibu na ijengewe ukuta mdogo, ng'ombe wasiingie. Kazi hiyo haitaki mgeni, yataka vijana wa kwaya na mifuko michache ya saruji. Lakini twamwomba naye afikiri hivi: pampu ikifa mwaka wa pili, mtoto wake atakuwa na miaka mingapi? Na siku hiyo atakwenda kumlilia nani? Mgeni mwingine akija atauona ule mpini uwanjani, aseme, Hawa wamekwisha kupata, twende kwingine. Kisima kilichokufa humnyima maji mara mbili.

Basi kijiji kinapoletewa habari ya kisima, baraza na likae kabla mgeni hajaja, si siku ya kumpokea. Na aulizwe kwa barua ni pampu gani aletayo, na kama vipande vyake vyapatikana katika mji wa wilaya au mpaka viagizwe ng'ambo. Pampu ya aina ambayo hakuna mtu mwingine wilayani aliye nayo isikubaliwe, hata ikiwa ya dhahabu. Na aulizwe kama ofisi ya RUWASA ya wilaya inajua. Tangu mwaka 2019 sheria imeiweka RUWASA kusimamia maji ya vijijini, na kila skimu kuwa chini ya chombo cha jamii chenye daftari na hesabu, wala haifai usharika au mgeni kuchimba gizani kana kwamba nchi haina mwenyewe. Karatasi ya maabara na ionekane. Na kijiji nacho kijiulize kwa kweli: tutatoza shilingi ngapi kwa ndoo, nani atazishika, wajane na wazee wasio na kitu tutawafanyaje, na ni nani wawili watakaofundishwa ufundi? Sisi twashauri angalau mmoja awe mwanamke mwenye watoto, aliyekwisha kutulia kijijini, kwa sababu kijana wa kiume akishapewa spana na cheti huenda Dar es Salaam.

Mgeni akiyapokea maswali hayo kwa furaha, huyo ni rafiki, apikiwe wali. Akitaka kukaa mwaka mzima na kujifunza lugha, apewe na shamba la mihogo. Akiwa hana ufundi, lakini ana moyo, aambiwe kwa upendo kwamba nauli yake yafaa kuliko mikono yake, nayo ipelekwe katika kumfundisha fundi na kuweka vipuri katika duka la wilaya. Yamkini atachukizwa, asije tena. Na aende kwa amani.

Makundi ya mwaka ujao hununua tiketi zao mapema, mengine tangu Januari. Wazee wa mitaa watakaokutana kabla ya Krismasi wana muda wa kutosha wa kuyaandika maswali haya na kuyatuma, na jibu likapata kurudi kabla mbuzi hawajanunuliwa.